Kiti cha Nyuma

Jumanne, Kilifi

Nimewasimamishia watu pikipiki mara nne leo, na hata siko kazini! Miaka tisa ya bodaboda kule Matiliku imeniharibu: mtu akiinua mkono, mguu unakanyaga breki wenyewe. Na niliapa safari hii ya Mombasa hadi Malindi ni yangu peke yangu, nijionee bahari.

Wa nne alikuwa mama mwenye gunia la nazi.

"Leo sibebi, mama."

"Na hicho kiti wampelekea nani, mwanangu?"

Nikampakia huku nimenuna.

Tairi ya nyuma imeanza kuisha, hiyo inanipa wasiwasi. Lakini kesho Malindi nafika.

Ila huyo mama... Kiti kilipopata mtu, macho yangu yaliacha kutafuta abiria kando ya barabara. Kufika daraja la Kilifi, ndipo nikaiona bahari.