Jina Ulilonikataza

Mama,

Kwanza nikutoe wasiwasi: sufuria yako kubwa ipo. Bi Saumu aliiazima kwa pilau ya Idi, nami nikamsumbua mpaka ikarudi, kwa sababu najua ungeniuliza. Leso yako ya kijani sijaifua, na sitaifua hivi karibuni. Usinigombeze. Bado ina harufu yako.

Nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani, hapa hapa mtaa wa Tena, Nairobi, orofa ya tatu, ploti ile uliyoiita kizimba cha kuku. Simiyu mwanao ameenda kazini, anafunga mabomba kwenye yale majumba yanayoota kila kukicha huko Kware. Cherehani yangu leo nimeifunika. Ninayo sababu, na ndiyo imenifanya nikuandikie, lakini ngoja nikufikishe polepole. Wewe ulipenda habari ianzie mwanzo, hata kama ni ya mtu kwenda kununua chumvi.

Mwanzo ni siku ile Simiyu alinileta kwako Bungoma nikuamkie. Mimi ni Mkamba, unajua, na kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mamake mume. Mwenye jina akiwa hai ndiyo raha yenyewe: anambeba wajina wake, anamtafutia kuku, wanaitana kwa madaha. Kwa hivyo ulipotuandalia chakula nikaona nitoe zawadi kubwa niliyokuwa nayo. Nikasema, "Mama, Mungu akinipa msichana nitamwita Nafula, kama wewe." Nikangoja utabasamu.

Ulisimama na bakuli la mchuzi mkononi. "Unanichimbia kaburi na hata mikono hujanawa?" Nilidhani ni mzaha, nikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza mambo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwenu Wabukusu jina humngoja mwenyewe alale mchangani kwanza. Mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na kutaja la mtu anayepumua ni kumwambia amechelewa kuondoka. Simiyu alijaribu kukueleza kwamba sikujua, akababaika. Niliondoka kwako mchana huo nimekuwa mchawi, na kuku nilikuwa sijamwonja.

Halafu mtoto hakuja.

Ulikuwa ukimpigia Simiyu simu na kumuuliza kwa Kibukusu, ukidhani sielewi. Mama, swali hilo linaeleweka kwa lugha yoyote. Ulisema ulimi wangu ndio uliofunga tumbo langu, kwamba niliyekuombea kifo nilijinyima uzima. Krismasi moja, mbele ya wageni, ulisema ng'ombe asiyezaa hungojewa sikukuu. Nami kwa vile sina breki mdomoni nikakujibu, "Basi noeni kisu, lakini mjue nyama ya Mkamba ni ngumu." Watu walicheka. Wewe hukucheka, na mimi nilienda nyuma ya jiko nikalia mpaka pua ikaziba.

Ulijua kilichokuwa kikiniuma zaidi? Ni kuitwa. Huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake la zamani linawekwa kabatini. Anakuwa Mama Brayo, Mama Shiko, Mama Halima. Mimi niliitwa Fundi. Fundi, nipunguzie hii sketi. Fundi, zipu imekufa. Watoto wa ploti wakaniita Anti, na Bi Saumu jirani yetu akaniita mwanangu kwa huruma. Kila mahali pageni, kanisani au kwenye chama, mtu alinyoosha mkono akaniuliza, "Na wewe ni Mama nani?" Nilikuwa nasema "Mwende" haraka haraka, kisha nageuza mazungumzo. Nilimeza vidonge vya daktari na mizizi ya mamangu, nikafunga, nikaombewa, na kila mwezi nikarudi pale pale. Nilitaka mtoto, Mama. Nilimtaka mpaka nikawa nashona sare za watoto wa watu na kuzikumbatia kabla sijazikunja.

Ndipo ukaugua. Daktari wa huko nyumbani akasema uletwe Nairobi, na kaka yake Simiyu, Wanjala, akakupandisha basi. Nilipoambiwa unakuja nilifagia nyumba mara tatu na kumwambia Simiyu kwamba nitakaa kimya kama mtungi. Uliingia, ukaangalia kitanda chetu kilicho nyuma ya pazia, ukasema hulali hapo. Mzazi halali nyumba ya mwanawe aliyeoa, ni mwiko, hata nyumba iwe chumba na sebule Nairobi. Simiyu akatoka jasho. Bi Saumu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni kama kawaida yake, akasema, "Basi alale kwangu. Mimi si mkwe wa mtu."

Kwa hivyo ukawa unalala ng'ambo ya korido na kuamkia kwangu. Asubuhi nasikia ndara zako zinaburura, najua ukaguzi umewadia. Chai yangu ilikuwa nyepesi. Sukuma wiki nilikata nene. Muthokoi wangu, mahindi yetu ya kukobolewa, uliyaita mahindi yaliyovuliwa nguo, ukakataa kuyaonja. Sawa. Lakini dawa zilipoanza kukutapisha, hukutaka Bi Saumu akushike, wala hukutaka Simiyu akuone. Ulininyooshea mkono mimi bila kuniangalia, kama mtu anayeshika ukuta, nami nikakupeleka bafuni.

Tukazoeana hivyo, bila mkutano wala msamaha. Nilikuosha, nikakupaka mafuta miguuni, nikakusuka zile nywele chache ukilalamika kwamba mkono wangu ni wa kushona magunia. Nilikulisha uji kwa kijiko na wewe ukinikosoa mdomo ukiwa umejaa. Siku moja nimekufunga leso baada ya kukufuta, ukasema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliyekufuta ndiye mamako." Nilidhani unaongea tu, maana ulikuwa umeanza kuongea mengi. Jioni ukaomba muthokoi, ukala vijiko viwili, ukasema bado ni uchi.

Sasa nifike kwenye ile alasiri ya mvua. Maji yaliingia koridoni, na miguu yako ilikuwa imekataa kabisa. Simiyu alitaka kukubeba mpaka kwa Bi Saumu, ukamsukuma. Tukakuangalia wote wawili. Ukanigeukia mimi, ukasema polepole, "Mzazi halali kwa mwanawe. Lakini mtoto hulala kwa mamake. Mama Nafula, nitandikie."

Mimi nilicheka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilidhani umeikubali zawadi yangu ya zamani, kwamba miaka yote ile umekuwa ukiifikiria na sasa tunataniana kama Wakamba. Nikakujibu, "Haya Nafula, njoo ulale, na usikojoe kitandani." Ulicheka pia, kicheko cha kwanza nilichowahi kukutoa. Simiyu alisema anaenda kununua maziwa. Alikaa huko dukani mpaka mvua ikaisha, na aliporudi hakuwa na maziwa. Nilimgombeza kwa ajili hiyo.

Ulilala kitandani mwangu siku zilizobaki, na kila mara uliniita hivyo. Mama Nafula, maji. Mama Nafula, nigeuze. Watoto wa ploti wakasikia, wakaanza nao, na mimi nikawa naitika nikiringa. Ulienda asubuhi, mkono wako ukiwa umeshika kidole changu kimoja tu.

Ni kwenye maziko ndipo nilipoelewa. Senge, yule shangazi yao mwembamba anayevuta ugoro, alikuja akakaa karibu nami, akaniuliza kama ni kweli uliniita Mama Nafula. Nikamwambia ndiyo, tulikuwa tunataniana. Akaniangalia. "Binti," akasema, "huyo hakuwa anatania. Kwetu mtu halitoi jina lake akiwa na mpango wa kuendelea kulitumia. Alikuwa anakuaga. Na amekuachia mtoto, ukamtafute."

Hapo ndipo nilipolia, Mama. Kumbe Simiyu alijua, kumbe maziwa yale hayakuwa maziwa. Uliniaga kila siku, na mimi nikawa naitika nikicheka. Lakini nimefikiria sana jambo hilo, nikaona pengine ndivyo ulivyotaka. Ungetaka niomboleze, ungeniambia waziwazi.

Basi nikamtafuta. Mimi na Simiyu tulikaa, tukaongea, tukanyamaza wiki nzima, tukaongea tena. Kisha tukaenda kwenye makao ya watoto. Walituuliza maswali mpaka ya babu zetu, wakaja kutazama hadi chini ya kitanda, na zaidi ya mwaka ukapita nikiwa nashtuka kila simu ikilia. Halafu wakatuita. Msichana, miezi minne, kichwa kikubwa, macho ya kudai. Walipomweka mikononi mwangu alinikazia macho kama mtu anayekagua chai. Nikasema moyoni, hapa sina budi.

Wanjala alipopata habari alipiga simu. Hakutukana, ungejivunia adabu yake, lakini alisema wazi: mleeni, mmpende, lakini jina la mama yetu hapewi mtoto asiyejulikana mzizi wake. Wazee waliotangulia hawatamtambua, akasema. Simiyu alitaka kukata simu.  Nilishika kichwa cha mtoto nikaogopa vile sijawahi kuogopa, maana nilijua akinyimwa jina, atanyimwa kila kitu kingine pia, taratibu, Krismasi moja baada ya nyingine. Mimi naijua hiyo barabara. Nikampigia Senge.

Senge alikuja Jumapili hii iliyopita na Wanjala akiwa nyuma yake amebeba mkoba. Alisema mambo ya jina hayaamuliwi kwa simu, mtoto aulizwe mwenyewe. Unajua mnavyofanya: mtoto akilia anatajiwa majina ya waliolala, mmoja mmoja, na atakalolinyamazia ndilo jina lake. Mtoto alikuwa ametulia tangu asubuhi. Alipouona ugoro wa Senge akaanza kulia, na hapo shughuli ikaanza, sebule imejaa, Wanjala amekunja mikono, Bi Saumu mlangoni.

Senge akaita Namalwa. Akalia. Akaita Nasimiyu, mamake Baba. Akalia. Akaita Nekesa, akalia vile vile, na Wanjala akaanza kutikisa kichwa. Kisha Senge akaniangalia, akashusha sauti, akaita Nafula.

Mama, alipiga yowe. Alijinyoosha, akarusha mateke, akakipiga kikombe cha chai cha Wanjala kikamwagikia suruali yake ya kanisani. Majina yale mengine yalikuwa kilio cha kawaida. Hili lilikuwa vita. Wanjala alisimama akisema, "Mmejionea. Amelikataa." Simiyu akainamisha uso. Mimi nikamkumbatia mwanangu nikamwambia sikioni, pole, pole, hata ukikosa jina una mimi.

Ndipo Bi Saumu akasema kutoka mlangoni, "Amelikataa? Ninyi mlimjua Nafula gani nyinyi? Huyu mwanamke alilala kwangu siku zote zile. Kuna kitu aliwahi kukubali mara ya kwanza?"

 Senge ndiye aliyeanza, akacheka mpaka ugoro ukamtoka, kisha Simiyu. Wanjala alijaribu kujizuia. Aliangalia suruali yake, akaangalia ule mdomo uliofunguka kumgombeza, na nikaona kidevu chake kikitetemeka. Akanyoosha mikono nimpe. Alimweka begani, mtu mzima yule, akamzungusha sebuleni akimpigapiga mgongo, akisema chini chini, "Basi, Mama. Basi. Nimesikia." Alilia kuliko mtoto. Na mtoto alipochoka kumgombeza, akaweka kichwa shingoni mwake akatulia.

Wanjala hakunigeukia. Alisema tu, kwa ile sauti yenu ya kutuma watu, "Mama Nafula, lete maziwa."

Nilileta maziwa, Mama. Nilitembea kutoka sebuleni mpaka jikoni, hatua zisizofika kumi, na sikumbuki kama niligusa sakafu.

Kwa hivyo nakuaga sasa, kwa sababu siku ile uliponiaga wewe sikukujibu vizuri. Kwaheri, Mama. Lala huko kwako ulikotaka, kwenye kitanda kisicho na mwiko. Nami nakuahidi: nitamwambia yote, hata ya ng'ombe na Krismasi, kwa sababu ukimsimulia mtu mazuri yako peke yake hatakujua. Nitamfunza Kibukusu ili asisemwe akiwa haelewi. Atakula muthokoi. Akiuita uchi nitajua nani amemfundisha.

Naona ameamka kule nyuma ya pazia. Haniiti, anaamrisha. Na huku chini watoto wa ploti wananiita kwa lile jina, wanataka mpira wao ulioingia dirishani. Wacha nikuache hapa, Mama. Nikaitike.

Ni mimi, mwanao na mamako,
Mwende