Mfupa wa Meno ya Mbele

Malindi, 9 Februari 1986

Ndugu yangu Jaafar,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila kinywa changu. Mafua ya watoto huko Mombasa yamekwisha?

Tangu yule daktari wenu aniambie fizi zangu zina maradhi na mfupa unaoshika meno unalika, naota kinywa changu ni chumba cha milango isiyofungika. Upepo waingia na kutoka, nami nimekaa ndani nasoma, sauti haifiki nje. Meno ya mbele yacheza. Yakitoka, wasichana wa chuo nitawasomeshaje Kurani? Niulizie: huo mfupa anaotaka kunipandikiza ni wa nani? Wa maiti siutaki.

Dadako, Zuleikha

Mombasa, 23 Februari 1986

Shikamoo dada,

Watoto wamepona, mafua yamenihamia mimi. Daktari alicheka: "Ataka na jina la mwenye mfupa?" Upo wa waliofariki, uliosafishwa ukasagwa. Zipo chenga nyeupe za kiwandani. Na upo wako mwenyewe, ataukwangua nyuma ya taya. Huo ndio hushika zaidi, ila ni haba, watosha meno ya mbele tu. Magego atayatilia chenga, na hizo hakuahidi kitu. Huziba pengo, pengine zisigeuke mfupa kabisa. Njoo, nitakupeleka.

Nduguyo, Jaafar

Malindi, 30 Machi 1986

Ndugu yangu,

Salamu nyingi, na ahsante kwa kunishika mkono siku ile ya kupandikizwa. Uso umevimba kama andazi. Sisomi kwa sauti; Harusi, mwanafunzi wangu mkubwa, ndiye anayesomesha. Nalala nikiwasikiliza nyuma ya ukuta, naona kama mfupa nao wasikiliza, haujaamua.

Dadako

Malindi, 12 Oktoba 1986

Jaafar, ndugu yangu,

Assalamu alaikum. Hujambo na wifi?

Daktari amepiga picha. Mbele mfupa umeota. Alilisukuma jino kwa chuma, halikwenda. Nyuma kushoto chenga zimekaa kama changarawe, hazikushikana na kitu, na magego mawili yametoka.

Nikarudi chuoni nikiwa na furaha. Nilipofika "waladh-dhaallin", mwisho wa Alhamdu, ulimi ukatafuta magego ya kushoto ya kuegemea, haukuyakuta. Kisha nikaiegemeza herufi ile ya dhadi kwenye magego ya kulia, polepole, ikatoka.

"Mwalimu, mdomo waenda wapi?" akauliza Hindu, mwanafunzi wangu mdogo.

"Umehama nyumba."

Sasa chuo kizima chapindia mdomo kulia, na wenyewe magego yao yote wanayo. Sijawakataza.

Dadako, Zuleikha