Dada Niliyemkana Mferejini

Jumamosi, jioni. Abu Hamour.

Joto la leo limekuja na unyevu wake, shati la sare limenigandia mgongoni tangu asubuhi. Wenzangu chumbani wanacheza karata na kutaniana. Mimi nimesingizia kichwa kinaniuma, nimejilaza na kompyuta yangu naandika. Ukweli ni kwamba nina aibu, na sitaki mtu aniangalie usoni.

Kazi yangu ni ulinzi kwenye mfereji wa makazi fulani ya wenye nazo kule Lusail. Watu huja na mbao zao, zile za kusimama juu na kupiga kasia. Kabla sijaja huku Uarabuni sikujua kama binadamu anahitaji kibali ili asimame juu ya ubao. Maji yenyewe yamechimbwa kwa mashine, yametulia kama ya kwenye karai, lakini yana masharti kuliko barabara kuu. Uwe na kibali, uvae jaketi la kuokolea, na mtoto asiingie majini kama mwenye kibali hayupo ukingoni. Mimi ndiye msimamizi wa hayo yote, na nakiri huwa nayasimamia kwa maringo kidogo.

Asubuhi alikuja mama mmoja Mwarabu, mwanawe mdogo, na dada wao wa kazi. Yule dada aliponiona tu akasema, "Habari za kazi, kaka?" Mtanzania mwenzangu, lafudhi ya Singida kabisa. Nikamjibu, nikamkaribisha, nikamuuliza za nyumbani. Nilifurahi hadi nikasahau kumwomba mama kibali.

Baadaye mama akaenda kununua kahawa. Mtoto akabaki juu ya ubao, dada ameushikilia, maji yamemfika magotini. Hapo ndipo alipotokea supavaiza wangu, Mnepali, akauliza kibali kiko wapi.

Dada hajui Kiingereza. Akanigeukia mimi.

"Kaka, nisaidie kumwambia. Mama anacho kibali, kipo kwenye simu yake. Anarudi sasa hivi. Mimi nimemshikia tu mtoto."

Supavaiza akaniuliza, "Anasema nini? Ni mtu wa kwenu?"

Kuna mlinzi mwenzetu alihamishiwa ghala moja kule Industrial Area, eneo la viwanda, kwa sababu aliwapitisha watu wa kwao bila kibali. Nikajua nikisema ndiyo, swali litakalofuata ni nani aliyewaruhusu hawa.

"Simwelewi, sir," nikasema, huku natikisa kichwa. "Labda ni Kihabeshi."

Kihabeshi!

Dada hajui Kiingereza, lakini kutikisa kichwa anakujua. Hakunibishia wala hakunitukana. Alimteremsha mtoto taratibu, akaanza kumfuta miguu kwa taulo, machozi yanamtoka.

Supavaiza akauzuia ubao, akapiga simu nyumbani kwao kwa namba iliyoandikwa kwenye ubao. Akapokea baba mwenye nyumba, akaambiwa mfanyakazi wake amemwingiza mtoto majini peke yake, bila kibali. Mama alirudi na kahawa yake, kibali kweli kipo kwenye simu, lakini maneno yalikuwa yameshafika. Nilimsikia akibishana na mumewe kwa simu, kisha akachoka. Akatuambia baba ameamua dada arudishwe kesho kwa wakala aliyemleta.

Walipoondoka supavaiza aliguna. "Ningempata wa kunitafsiria," akasema, "ningemsubiri tu huyo mama."

Nimekaa na maneno hayo kutwa nzima.

Nilidhani nikishaandika nitapata nafuu. Sikupata. Kwa hiyo niliiacha kompyuta kwa muda, nikatoka nje kwenye ngazi, nikampigia supavaiza. Nilimwambia yule dada alikuwa anaongea Kiswahili, lugha yangu, na mimi ndiye niliyewapitisha bila kukagua.



Akauliza, "Kwa hiyo alisema nini?"

Nikamtafsiria. Neno kwa neno, kama nilivyotakiwa asubuhi.

Akasema habari ya kazi yangu tutaizungumza ofisini. Lakini kabla ya hapo, kesho asubuhi, twende wote wawili nyumbani kwa yule baba, nikayarudie maneno hayo mbele yake. Na dada mwenyewe akiwepo.

Namwogopa baba kidogo. Dada ndiye sijui nitamtazama vipi.

Nitakwenda.