Mgongo wa Bhoke

Jumatatu, 9 Juni 1975
Kisomo cha watu wazima saa tisa alasiri, kama kawaida. Neno ni lile la wiki jana: kwa makini. Nimewakumbusha ni kufanya jambo huku akili yote iko hapo hapo. Mzee Marwa, ambaye hakosi jibu, akatoa mfano: "Nachunga ng'ombe kwa makini, fisi wapo." Safi kabisa. Bhoke, mama kijana, kakaa mlangoni, kanipa mgongo tena. Tangu nihamishwe kutoka Pangani kuja kijiji hiki kipya, karibu na Nyamwaga, jioni siongei na mtu. Sasa hata darasani naongea na mgongo.

Jumatano, 11 Juni
Uvumilivu umeniishia. Nimesema anayesikiliza kwa makini humtazama anayesema. Bhoke hakugeuka. Nikamshika mabega, nikamgeuza atazamane na wenzake. Mzee Marwa akajifunika uso kwa kofia, akageukia ukuta. Bhoke akakimbilia migombani. Sijui nimefanya nini. Nina hasira. Na woga.

Alhamisi, 12 Juni
Mama Ghati, jirani, kanieleza kisimani. Marwa ni baba mkwe wa Bhoke. Kwa Wakurya, mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni. "Mwalimu, ulimgeuza kama ndama mnadani." Bhoke kasema harudi. Ndiyo kwanza amejua kuandika jina lake. Nimemharibia.

Jumatatu, 16 Juni
Wamekuja watatu. Nimefundisha. Nimepika ugali, nikaufunika.

Jumanne, 17 Juni
Nimekwenda kwa Mzee Marwa kuomba radhi. Shikamoo yangu kaiitikia huku anapukuchua mahindi, macho chini. Kisha: "Yule mkwe wangu kila jioni anafundisha watoto jikoni. Maneno yako yote, mpaka kukohoa kwako. Mimi niko zizini, nasikia. Unafikiri majibu natoa wapi? Mwache akae nje, dirishani."
Nimecheka njia nzima. Nilipofunga mlango nikalia.

Jumatano, 18 Juni
Wamerudi karibu wote. Bhoke nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Nimesimama upande wake. Nikaomba sentensi yenye kwa makini. Mzee Marwa akashusha kofia usoni, akangoja. Ikaja sauti ya dirishani, taratibu:
"Mwalimu anakaa peke yake. Ninamsikiliza kwa makini."
Nikawapa wote mgongo, nikaiandika ubaoni. Sikuharakisha kugeuka.