Aliyemwita Bibi Mwongo

Mazwi, Sumbawanga

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mama yako amemaliza kuvuna ulezi. Mimi nipo, ila macho yananiruhusu ukurasa mmoja tu kwa siku.

Umeuliza kama ukate kelele za wasikilizaji katika hadithi za Kifipa unazokusanya kwa utafiti wako wa chuo. Nimefungua shajara yangu ya zamani. Nilipomaliza sekondari, mtafiti mmoja aliniajiri niandike hadithi za bibi yangu kule Kaoze. Bibi alisimulia akipepeta ulezi na jirani yake, Mama Felista, ambaye alimkatiza kila mara. Nikaandika maneno ya bibi tu, kwa mwandiko safi. Nilipomsomea, alicheka.

“Wewe msomi, hadithi yangu umeinyoa upara! Yuko wapi Mama Felista aliyeniita mwongo?”

“Alikuwa anakuvuruga, bibi.”

“Alikuwa na mwisho wake mwingine wa hadithi hiyo, mjinga wewe. Kamuulize.”

Niliahidi kwenda, nikachelewa. Mama Felista alizikwa kabla ya mvua. Shajara ina tarehe, hali ya hewa, hata idadi ya kurasa nilizoandika. Mwisho wake ule haumo.

Usikate kitu, Anjela. Macho yamegoma, naweka kalamu.

Babu yako