Kufunga Mfumo

Shangazi yangu mpendwa,

Sweta limefika, ila mikono yake ni ya mtu mrefu kuliko mimi. Mtoto anaota meno na anang'ata kila kitu, hata kitambulisho changu cha kazi.

Umeniandikia niwe mpole hapa hospitali. Ngoja nikueleze.

Tarehe 4, fundi wa kampuni inayotutengenezea mfumo wa kompyuta alinipigia simu: "Dada, mwambie mkuu wako Jumatatu tunafunga mfumo."

Nikamuuliza, "Kufunga kama feni mpya darini, au kufunga kama duka?"

Akacheka. "Kumbe wewe mwalimu wa Kiswahili? Andika kufunga."

Nikampelekea mkuu neno hilo pamoja na swali langu. Akasema tusiwasumbue wataalamu. Yeye alielewa wanaweka mfumo mpya. Wao wakazima wa zamani. Kwa siku mbili famasia haikujua nani anatumia dawa gani, na wagonjwa wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa pande hizo mbili, ambazo hazijawahi kuelewana, zimeelewana kwamba kosa ni langu. Wameniletea karatasi nikiri kuwa nilifikisha ujumbe vibaya. Nisiposaini, kazi sina.

Shajara yangu ina tarehe, saa na maneno yote. Leo asubuhi, mbele ya mkuu na fundi, penye nafasi ya sahihi nimeandika: "Niliuliza. Hamkujibu." Kisha nimerudi mezani kwangu, na ndipo ninapokuandikia. Anayetaka kunitoa na aje.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, binti wa kaka yako.