Protoni za Elie

Songo, Jumanne jioni

Siendi, nimemwambia binti yangu Furaha. Milio ya bunduki mlimani imekaribia, naye amekasirika.

"Papa, weye unangoja nini? Elie ametuma habari toka Bujumbura, ng'ambo ya ziwa: kitanda yako iko tayari!"

Ametoka nje. Ni kitanda hicho ninachokiogopa.

Tulipofundisha fizikia pamoja, Elie ndiye aliyekokotoa jinsi kiini chepesi cha sodiamu kinavyotema protoni mara tu kinapoumbwa. Tabia hiyo huchangia kuamua kama nyota inayolipuka itaunda elementi nzito upesi, au itakwama njiani. Vita vya kwanza vilipokuja, watu wa Mulenge kama yeye wakisakwa kwa kabila lao, alikimbia akaniachia daftari la hesabu zake. Nikachapisha kazi yote kwa jina langu peke yangu.

Nilijiambia jina lake lingeniletea askari. Uongo. Makala ilitoka Ulaya. Askari gani wa hapa angeisoma? Niliitaka sifa.

Furaha amerudi. "Papa, minye sikuachi. Mtumbwi wa mwisho wa kuvuka ziwa ni kesho asubuhi."

"Basi tutavuka."

Nitamwambia Elie ukweli mlangoni, kabla sijaketi. Akinikaribisha baada ya hapo, nitalala.